Mwalimu wa Hesabu wa Mjini Voi

Msafiri ashukaye Voi kwa kawaida hakai. Hunywa chai yake upesi, akapanda matatu ya Mwatate, ya Wundanyi au ya Taveta, akaenda zake. Mji huu umekuwa mji wa kupitia tangu reli ilipoufikia mwishoni mwa karne ya 19, na zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza, lilipojengwa tawi la reli kutoka hapa kwenda Taveta ili kupeleka askari na zana kupigana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mimi nililetwa hapa na kazi ya ukarani serikalini, nikakaa. Na katika kukaa kwangu nimemjua mzee mmoja ambaye nadhani wasomaji watapenda kusikia habari zake. Ameniomba nisitaje jina lake, nami nimekubali.

Kazi yake ni kuwafundisha watoto hesabu majumbani mwao, jambo ambalo siku hizi kila mtu huliita tuisheni. Watu wafanyao kazi hiyo ni wengi, wala sitaki kuwasifu wote. Wengine hukusanya maswali ya mitihani ya zamani, wakawakaririsha watoto majibu, wakapokea fedha. Mzee huyu ni wa namna nyingine.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba yao ilikuwa karibu sana na njia ya gari la moshi, hata kijana akajua kusoma namba za mabehewa kabla hajaingia shule. Lakini alipopelekwa kwa shangazi yake huko milimani ili asome, hesabu zikamshinda. Mwalimu wake alikuwa mtu wa fimbo: kosa moja, kiboko kimoja. "Basi nikajifunza jambo moja tu," akaniambia, "nalo ni kuficha daftari."

Aliyemwokoa hakuwa mwalimu. Alikuwa jirani yao, mtu aliyefanya kazi ya kupima mizigo katika shamba la mkonge. Jioni alimketisha kijana mlangoni, akampa hesabu za mizigo na uzito, na kila kijana alipotoa jibu, sahihi au la, alimwuliza, "Umefikaje hapo?" Hapana mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo kabla ya siku ile. Akafaulu mtihani wa darasa la saba, akawa mwalimu, akafundisha katika shule za Taita na Taveta mpaka alipotimiza miaka 60 akastaafu.

Mimi nilimwendea mwaka 2024 kwa sababu ya mtoto wa marehemu kaka yangu, ninayemlea. Alikuwa gredi ya nane, na walimu walikwisha kuniambia kwamba ni mzito wa hesabu. Nakiri kwamba nami nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Siku ya kwanza mzee hakufungua kitabu. Alimwomba kijana amfundishe kazi yo yote anayoijua. Kijana akamweleza jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli, hatua kwa hatua, naye mzee akauliza maswali kama mwanafunzi mwenye bidii. Nilikuwa nimeketi kando nikihesabu fedha zangu zinavyopotea. Baadaye akaniambia, "Bwana karani, maji ya Mzima yakikosekana nyumbani kwako, fundi hachimbi chini ya bomba lako. Hurudi nyuma akifuata njia ya maji mpaka aone panapovuja. Mtoto huyu anaweza kufuata hatua. Mahali fulani nyuma panavuja."

Palikuwa panavuja gredi ya nne, katika sehemu na visehemu. Miaka minne mizima kijana alikuwa akijengewa nyumba juu ya shimo, na wala mimi wala shule hatukutazama chini. Mzee akamrudisha huko bila ya kumwaibisha. Alimtuma aende nami Taveta siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, akaandike bei za ndizi katika shilingi za Kenya na za Tanzania, kisha aonyeshe ni nani aliyepata faida na kwa kiasi gani. Watoto waliokulia milimani huwaacha wafikiri kwanza kwa Kidawida, wakiisha kuelewa ndipo waandike kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza.

Hachukui zaidi ya watoto watano, na wakati wa likizo hafundishi kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumlazimisha mwanafunzi masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini mzee hakunitajia sheria. Alisema mtoto ana bibi, na bibi naye ana mambo ya kufundisha.

Nilimwuliza kwa nini anajitaabisha katika umri wake, hali ana pensheni. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba yeye aliyepigwa kwa ajili ya hesabu, alipopata darasa lake mwenyewe, naye alipiga. Viboko vilikatazwa shuleni mwaka 2001. Kabla ya hapo alikuwa ametumia fimbo miaka mingi, akimsahau yule jirani wa mizani. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeacha shule kwa kuogopa kipindi chake. Kijana huyo sasa ni mtu mzima, mpigadebe katika stendi ya Voi, na kila wamwonapo mzee akipita, yeye ndiye wa kwanza kumwamkia.

"Huniambia, 'Shikamoo, mwalimu,'" akasema. "Hunibebea na mfuko. Angenitukana ningepata nafuu."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena.

Mwezi wa Julai mwaka 2025, ikiwa imebaki miezi michache tu kabla ya ule mtihani wa kwanza wa gredi ya tisa nchini, mzee alikuja kwangu akasema kwamba kijana asije tena. Nilikasirika. Nikamwambia kwamba huu ndio wakati wa kuongeza vipindi, wala si wa kuviacha, na kwamba nilikuwa tayari kulipa zaidi. Akanijibu kwamba tangu majuma matatu kijana alikuwa akijiuliza mwenyewe, "Nimefikaje hapa?" kabla hajaulizwa, na kwamba yeye mzee alikuwa akikaa pale akinywa chai yangu bure.

Kijana akafanya mtihani. Alama zake hazikuwa za ajabu, ila zilimtosha kuingia mkondo wa sayansi alioutaka, na tangu Januari 2026 yuko shule ya bweni.

Siku ile ya Julai mzee alinirudishia fedha za nusu ya mwezi iliyobaki, zikiwa zimekunjwa katika karatasi ya daftari pamoja na hesabu yake. Nafasi ya kijana alimpa binti wa mwanamke auzaye mboga karibu na stendi, ambaye halipi kitu. Wiki hii nilimwona mzee akipita jioni kwenda kwao, na yule mpigadebe alikuwa amembebea mfuko.