Chujio la Wahandisi Limewekwa Wapi?

Kwa kijana wa Uswisi, kuingia ETH, chuo kikuu maarufu cha uhandisi mjini Zürich, si kazi. Cheti cha sekondari ya juu kinamtosha. Mtihani wa kuingilia hana. Kazi ni kubaki. Baada ya masomo ya mwaka wa kwanza unamsubiri mtihani wa msingi, hesabu na fizikia zikiwa mbele. Akifeli hurudia mara moja tu, na akifeli tena fani ile imemfungia mlango. Chuo kilifunguliwa mwaka 1855, na hata Einstein alihitimu hapo mwaka 1900.

Naanza na ETH kwa sababu wazazi hunijia na orodha za vyuo bora mkononi wakiuliza kipi cha kwanza, kipi cha tano. Mimi huwauliza chujio limewekwa wapi. Kila chuo kikubwa cha uhandisi huchuja. Tofauti ni mahali na wakati, na tofauti hiyo humjenga mhandisi kuliko namba iliyo kwenye orodha.

Ufaransa huchuja mlangoni. Njia iliyozoeleka ya kufika École Polytechnique, iliyoanzishwa mwaka 1794 katika joto la Mapinduzi, ni kumaliza sekondari kisha kukaa miaka miwili katika madarasa ya maandalizi ukikesha na hesabu, ndipo ushindane kwenye mtihani. Chuo kiko chini ya Wizara ya Ulinzi: Mfaransa anayeingia kwa njia hiyo huvaa sare, hupitia mafunzo ya kijeshi na hulipwa posho. Anatoka na nadharia nzito, na kwa maoni yangu ameandaliwa kuongoza wizara au kampuni kubwa kuliko kushika spana.

MIT ya Marekani nayo huchagua wachache kati ya waombaji wengi mno, lakini ikishakuchukua inalegeza kamba. Muhula wa kwanza, somo ulilofeli haliingii kwenye rekodi yako ya nje. Fani unaichagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Tangu 1969 pana mpango unaomwingiza mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa, akiwa bado mchanga kabisa. Kaulimbiu ya chuo ni akili na mikono, na angalau hapo maneno na matendo yanafanana.

Orodha zenyewe? Ile ya QS imeizoea MIT kileleni, na sehemu kubwa ya alama zake ni sifa: wanataaluma na waajiri huulizwa wanakiheshimu chuo gani. Orodha zinazohesabu zaidi machapisho huipandisha Tsinghua ya Beijing. Saa ambazo mwanafunzi anakaa karakanani hazimo katika hesabu hizo. Ndiyo maana anayetaka uhandisi wa maji namwelekeza Delft, Uholanzi, bila kutazama orodha. Nchi ile sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na baada ya mafuriko ya 1953 wataalamu wake walitafutwa sana. Taasisi ya maji ya IHE ilianza kufundisha wahandisi wa kigeni hapo mwaka 1957, na wamo wa Afrika Mashariki waliopita mikononi mwake.

Siku hizi vyuo vyenyewe vinatufuata. IIT Madras, mojawapo ya taasisi za teknolojia za India (IIT), ambayo huko kwao huingiwa kwa mtihani unaoanza na watahiniwa zaidi ya milioni moja, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, la kwanza la IIT yoyote nje ya India. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kiko Kigali tangu 2011. Habari njema, ila soma fani kabla ya jina: Zanzibar ilianza na sayansi ya data na akili mnemba, na Kigali hutoa shahada za uzamili tu, za mkondo wa teknolojia ya habari na elektroniki. Anayetaka kujenga madaraja hajafikiwa bado.

Pana na mambo madogo yanayouma. ETH hufundisha shahada ya kwanza kwa Kijerumani zaidi, na kuanzia 2025 mgeni mpya anayetoka ng'ambo kwenda kusoma hulipa faranga 2,190 kwa muhula, mara tatu ya mwenyeji. Bado ni ndogo ukilinganisha na Marekani, lakini chumba cha Zürich kitaifidia tofauti hiyo haraka.

Mwisho ni usajili. Mkataba wa Washington wa 1989, ulioanza na nchi sita zikiwemo Uingereza, Marekani na Australia, hufanya nchi wanachama zitambuliane programu za uhandisi zilizothibitishwa. Kinachothibitishwa ni programu, si chuo kizima. Uswisi na Ufaransa hazimo, ingawa hakuna anayeudharau ubora wa vyuo vya huko. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, iulize bodi ya wahandisi ya nchi yako kuhusu programu ileile unayoiombea. Hata mhitimu wa MIT akirudi Dar es Salaam hujiandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi wa wazoefu kwa takriban miaka mitatu, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.