Shule Zikifungwa, Masomo Yasifungwe

Ndugu mkulima, ng'ombe wako wa maziwa akikaribia kuzaa wewe humkausha siku 60 hivi kabla ya siku yake. Siku hizo hakuna maziwa ya kupeleka kwa chama, wala hakuna fedha anazoleta. Je, humnyima majani kwa sababu hiyo? La. Mfugaji hodari humlisha vizuri wakati huo huo, maana ajua ya kuwa maziwa ya uzao ujao yanatengenezwa sasa. Akimwacha akonde, atamwona hasara yake baadaye, na chakula atakachompa wakati huo hakitarudisha kilichopotea.

Mtoto wa shule naye hupata wakati kama huo. Shule hufungwa kwa likizo, na mara nyingine hufungwa kwa shida ambayo hakuna aliyeitazamia. Tarehe 15 Machi 2020 Serikali ilitangaza ya kwamba shule zote za Kenya zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Watoto wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, lakini wengine wote walikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa na zaidi. Tena mwaka 2024 mafuriko ya masika yalichelewesha kufunguliwa kwa shule kutoka mwisho wa Aprili mpaka tarehe 13 Mei. Basi hatuwezi kusema ya kuwa jambo hili limepita na halitarudi. Yafaa kila nyumba katika skimu zetu iwe na mpango wake tayari, kama vile tunavyoweka mbegu kabla mvua haijanyesha.

Najua jibu la wazazi wengi, kwa maana nalisikia hapa ofisini: "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto wa siku hizi na mtaala huu mpya?" Nami nilifundishwa ualimu kabla sijakaa kwenye meza hii ya Idara ya Kilimo, na nataka kukuambia wazi ya kuwa si kazi yako kumfundisha mtoto hesabu za sehemu wala sarufi ya Kiingereza. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Kazi yako ni tatu tu, na zote waziweza: kumpa mtoto saa yake, kumpa mahali pake, na kumwuliza alichojifunza.

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo palipo na taabu kubwa katika shamba. Mwaka 2020 shule zilifungwa wakati wa kupanda, na palizi ikafuata mara moja. Mzazi akaona mikono minne mipya imekaa nyumbani, naye hana fedha za kibarua. Ni nani asiyejua mawazo yaliyomjia? Mtoto akapewa jembe wiki ya kwanza, akapewa ng'ombe wiki ya pili, na kufika mwezi wa nne alikuwa amesahau daftari liko wapi. Wengine walikwenda kuchuma chai au kubeba mawe kwa watu, wakaonja fedha. Mvulana wa miaka 14 aliyezoea kushika fedha yake kila Jumamosi ni vigumu sana kumrudisha kwenye dawati. Kadhalika msichana aliyeachwa peke yake mchana kutwa, mama yuko sokoni na baba yuko shambani, ana hatari zake ambazo kila mzazi azijua. Baadhi ya watoto hao hawakurudi Januari 2021.

Sisemi mtoto asishike jembe. Mtoto wa mkulima asiyejua kazi ya shamba ni hasara nyingine. Nasema kazi iwe na mpaka wake. Mtoto aamke, akamue au akate majani kama desturi, kisha akiisha kunywa chai, tuseme saa tatu, aketi kusoma mpaka saa sita. Alasiri atarudi shambani. Saa hizo tatu zisichukuliwe na mtu yeyote kwa sababu ndogo ndogo. Ukimwita mara moja akamfukuze kuku kwenye mahindi, na mara ya pili akanunue chumvi, umeng'oa mche ulioupanda mwenyewe. Mtoto mdogo wa Gredi ya Kwanza au ya Pili hawezi kuketi saa tatu; mpe nusu saa, aende akacheze, kisha arudi.

Mahali pake si lazima pawe na meza ya fundi. Kisanduku cha kreti na kigoda vyatosha, mradi mwanga uingie na redio ya muziki iwe mbali. Lakini daftari, kalamu na kitabu vikae mahali pamoja, juu, ambapo mtoto mchanga na mbuzi hawafiki.

Juu ya redio nataka kusema zaidi. Mwaka 2020 masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yalitangazwa na Shirika la Utangazaji la Kenya katika Radio Taifa na English Service, na pia katika televisheni. Wazazi wengi walifungua redio, wakamwambia mtoto asikilize, wakaenda zao. Baadaye wakasema redio haifundishi. Ndugu mkulima, mwalimu wa redio ana kasoro moja: hasemi mara mbili. Mwalimu wa darasani akiona macho ya watoto yamepotea, hurudia. Wa redio hana macho. Kwa hiyo mtoto lazima awe ameketi kabla somo halijaanza, penseli mkononi, tarehe na jina la somo vimekwisha kuandikwa. Somo likiendelea, aandike maneno machache tu yaliyo makubwa, asijaribu kuandika yote. Likiisha, redio izimwe. Hapo ndipo kazi yako wewe mzazi inapoanza.

Mwulize: "Mwalimu amesema nini?" Kisha nyamaza umsikilize.

Katika skimu moja ninayoijua yuko nyanya ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Mwaka ule wa Korona alikuwa na wajukuu watatu. Kila siku baada ya somo aliwaketisha karibu na jiko, naye akichambua maharagwe, akamwambia mmoja mmoja amweleze kwa lugha ya nyumbani yale aliyosikia. Mtoto akikwama, nyanya alisema, "Nenda kamwulize dada yako, kisha urudi uniambie." Jioni aliuliza swali lile lile tena. Nilimwuliza atajuaje kama mtoto anamdanganya, na yeye hajui somo. Akacheka. Akaniambia mtu anayejua jambo hulisimulia vile vile asubuhi na jioni, lakini anayebahatisha hadithi yake hubadilika.

Nyanya huyo hakujua, lakini alikuwa akifanya jambo ambalo walimu hulisifu sana. Mtoto akisoma ukurasa mara tano hudhani ameujua. Akifunga kitabu na kujaribu kueleza kwa maneno yake mwenyewe, hapo ndipo linapoingia kichwani na kukaa, na tena huona mwenyewe mahali alipopungukiwa. Akirudia kueleza baada ya siku mbili, na tena baada ya juma moja, hukaa zaidi. Haidhuru akieleza kwa Kikikuyu, Kiluhya, Kikalenjin au lugha yoyote ya nyumbani. Hata shuleni watoto wa Gredi ya Kwanza mpaka ya Tatu wanapaswa kufundishwa kwa lugha ya mahali wanapokaa, maana mtoto hujenga akili yake kwanza kwa lugha anayoielewa.

Ikiwa una mtoto mkubwa na mdogo, mpe mkubwa kazi ya kumfundisha mdogo nusu saa kila siku. Atanung'unika. Lakini hakuna njia nzuri ya kujua somo kuliko kulifundisha.

Sasa tufike shambani, maana hapo sisi wakulima tuna mali ambayo watoto wa mjini hawana. Hesabu imejaa kila mahali katika ploti yako. Chukua gunia la mahindi la kilo 90 na gorogoro ya kilo mbili. Mwulize mtoto wa Gredi ya Nne: gunia lina gorogoro ngapi? Atakuambia 45. Basi ikiwa nyumba yetu yala gorogoro moja kila siku, gunia litakaa siku ngapi, na mwaka mzima twahitaji magunia mangapi? Atakuta magunia manane na kidogo zaidi. Hilo si swali la mchezo. Wako wakulima wanaouza mahindi yote mwezi wa Desemba na kununua unga mwezi wa Mei kwa bei ya juu, kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyefanya hesabu hiyo.

Maziwa kadhalika. Mpe mtoto daftari la ng'ombe. Asubuhi lita 7, jioni lita 5. Ndama amekunywa 3, nyumbani 1, zilizobaki 8 zimeuzwa. Tuseme lita ni shilingi 45. Siku moja ni shilingi 360, na kwa siku 30 ni shilingi 10,800. Mwisho wa mwezi mtoto alinganishe hesabu yake na ile ya chama cha ushirika. Zikitofautiana, amepata somo, na huenda wewe umepata fedha zako.

Mtoto wa sekondari mpe kubwa zaidi. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mmea mmoja mmoja, eka moja yenye mita za mraba 4,047 itakuwa na mimea mingapi? Karibu 18,000. Kisha atoke na kamba akahesabu kipande cha shamba lako, aone kama kweli umefikia hesabu hiyo. Usimkasirikie akikuta umepanda ovyo.

Kuandika nako kuna mahali pake. Kila mwaka wakati wa mbolea ya ruzuku huja ofisini wakulima, watu wazima wenye heshima zao, wakanipa simu niwasomee ujumbe wa Serikali: magunia mangapi, duka gani, fedha ngapi. Nawasomea kwa furaha. Lakini si kila mtu anayepewa simu njiani ni mwema, na wengine wamepoteza haki yao kwa kumpa mgeni nambari ya siri. Mtoto wako wa Gredi ya Tatu aweza kukusomea ujumbe huo. Akusomee kila ujumbe, na karatasi iliyo kwenye chupa ya dawa ya kupe pia, polepole, akifuata kwa kidole.

Simu yenyewe ni msaada na ni hatari. Walimu wengi hutuma kazi kwa simu, na masomo ya mtaala hupatikana humo. Lakini simu ni yako, si ya mtoto. Mpe kwa saa iliyowekwa, aketi mahali unapomwona, akinakili kazi kwenye daftari airudishe. Kama bandeli ni ghali, majirani watatu waweza kushirikiana: mmoja apokee kazi kutoka kwa mwalimu, watoto wa nyumba zote tatu wainakili. Wazee wetu waliogawiwa ploti miaka ya 1960 walijenga shule nyingi za skimu hizi kwa harambee, bati moja moja. Kugawana simu moja hakutushindi.

Tena, usimwache mwalimu akae kama mgeni. Mara nyingi anakaa ng'ambo ya mto tu. Shule zikifungwa ghafula, nenda umwulize mambo mawili: mmefika wapi katika kila somo, na kitabu gani mtoto aweza kuazimwa. Mkutane naye tena kila majuma mawili, hata sokoni. Mtoto akijua ya kuwa mzazi wake na mwalimu wake wanasemezana, hutengenezea daftari lake heshima.

Siku ya kufunguliwa ikikaribia, usingoje tarehe yenyewe. Juma moja kabla yake mrudishe mtoto kwenye saa za kulala na kuamka za shule, na umpunguzie kazi ya alasiri. Tazama sare kama bado yamtosha, maana miezi michache yatosha kumrefusha. Ikiwa binti yako amepata mimba au amezaa wakati wa kufungwa, usimfiche nyumbani kwa aibu. Tangu mwaka 1994 siasa ya Serikali ni kwamba msichana aliyezaa aruhusiwe kurudi shuleni. Nenda naye kwa mwalimu mkuu wewe mwenyewe, na ukipata taabu uende kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ikiwa mvulana amekwisha kupata kazi ya kibarua, nenda ukazungumze na yule anayempa kazi, kwa upole, lakini uende.

Na siku hiyo ya kwanza, mtoto asiende mikono mitupu. Abebe lile daftari la masomo ya redio na lile la ng'ombe, ampe mwalimu ayatazame.