Kingereza cha Examen d'État: tusaidie batoto betu

Ndugu wachimbaji na ba mama, siku ya lugha kwenye Examen d'État batoto banaulizwa Kifaransa na Kingereza. Bila diploma, mlango wa iniversite unafungwa.

Sisi wa sendika tunaona wengi banashika kanuni kwa kichwa, lakini teksti inabashinda. Banachagua «did not went». Kumbe «did» imekwisha kubeba wakati uliopita, basi ni «did not go».

Kila mangaribi, mtoto asome kwanza maulizo, kisha teksti, aonyeshe kwa kidole mustari wenye jibu. Papa, hata kama haujue Kingereza, mwambie akuelezee habari ile kwa Kiswahili. Akikwama, hajaelewa, arudilie.

Tunapigania mushahara ili basome. Tusibaache peke yao mezani.