Bunkeya: mji mkuu wa zamani wa Katanga, na mambo tunayopaswa kukumbuka



Siku moja katika kikundi cha vijana tulikuwa tunafundisha juu ya miji mikubwa ya Biblia: Ninawi, Babeli, Yerusalemu, Roma. Kijana mmoja akauliza: “Pasta, na sisi huku, mji wetu mkuu wa zamani ulikuwa wapi?” Mwenzake akajibu haraka: “Bunkeya, kwa mfalme Msiri. Wazungu walimwua kwa sababu alikataa bendera yao.” Wa tatu akasema kwa sauti ya chini: “Kwetu wazee wanasema huko ndiko watu wetu waliuzwa.” Basi somo likakwama. Vijana wale wawili walikuwa wanaketi benchi moja na kuimba kwaya moja, lakini siku ile walitoka bila kusalimiana.

Sisi wachungaji tuliona haya, maana tulijua habari za Nebukadneza kuliko habari za Msiri. Ndiyo sababu tumeandika makala hii.

Miji mikuu iliyohama

Kabla ya kufika Bunkeya, tuanze hapa nyumbani. Katika ufalme wa Waluba hakukuwa na mji mkuu mmoja wa kudumu. Kila mfalme, yaani kila mulopwe, alijenga makao yake mapya. Alipokufa, makao yale yaliitwa kitenta, na mwanamke aliyeitwa mwadi aliwekwa kulinda roho na kumbukumbu ya mfalme yule. Mfalme mpya alikwenda kujenga mahali pengine. Kwa hiyo mtu akiuliza mji mkuu wa Waluba ulikuwa wapi, jibu ni kuuliza kwanza: wakati wa mfalme yupi?

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika katika nchi ya Waluba wakati wa mfalme Kasongo Kalombo. Aliwakuta huko wafanyabiashara kutoka pande zote mbili za Afrika: Waswahili na Waarabu wa pwani ya mashariki, na watu wa Bihé kutoka Angola. Huko ndiko alikoona msafara wa mfanyabiashara mmoja aitwaye Coimbra ukiingia na wanawake 52 waliofungwa kwa kamba. Walikuwa wametekwa katika vijiji vya nchi hii hii, na mfalme wa nchi alikuwa anafanya biashara na watu wa namna hiyo. Tuliweke jambo hili moyoni kabla ya kumnyoshea Msiri kidole.

Msiri na mji wake

Msiri, kwa jina lake la kwanza Ngelengwa, hakuwa mzaliwa wa Katanga. Alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, kati ya Wasumbwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyekuja Katanga kutafuta shaba. Mtoto alifuata njia ya baba, lakini hakurudi. Tangu miaka ya 1850 alikaa kati ya Wasanga na majirani zao, na watu wake walikuwa na bunduki wakati ambapo watu wengi wa huku walikuwa bado na mishale na mikuki. Kwa vita, kwa ndoa na kwa mapatano alijenga ufalme uliojulikana kwa jina la Garenganze. Watu wake wakaitwa Wayeke.

Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, katika tambarare karibu na mto wenye jina hilo hilo. Leo Bunkeya iko katika teritwari ya Lubudi, jimbo la Lualaba, upande wa kaskazini wa Likasi. Kutoka kwetu Kamina ni upande wa kusini-mashariki. Haukuwa mji wa ukuta mmoja kama Yeriko. Ulikuwa vijiji vingi vilivyoenea juu ya tambarare, na katikati yake makao ya mfalme na ya wake zake wengi. Mmoja wa wake hao, Maria de Fonseca, alikuwa na damu ya Kireno na alitoka upande wa Angola. Msiri alioa kwa hesabu: kila mke alikuwa mlango wa ukoo au wa njia ya biashara.

Kwa nini mji ulikua mahali pale? Kwa sababu ya mahali na mali. Nchi ya Bunkeya ilikuwa na shaba, iliyoyeyushwa na mafundi wa Katanga na kufanywa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Kulikuwa na chumvi, na pembe za ndovu. Tena Bunkeya ilikuwa katikati ya njia mbili. Ya kwanza ilikwenda mashariki hadi Tabora na pwani ya Zanzibar. Ya pili ilikwenda magharibi hadi Bihé na Benguela, kwenye bahari ya Atlantiki. Katika soko la Msiri mtu wa Tabora aliweza kukutana na mtu wa Benguela. Huko ziliingia nguo, shanga, baruti na bunduki. Zilitoka shaba, chumvi na pembe. Na walitoka watu.

Tusilifiche jambo hili. Watumwa walikuwa sehemu ya nguvu ya Bunkeya. Wageni walioandika juu ya mji ule wanasimulia mafuvu ya vichwa vya watu yaliyowekwa juu ya miti ya ua wa mfalme. Nabii Habakuki alitangaza ole juu ya mtu anayejenga mji kwa damu (Habakuki 2:12). Alisema hivyo juu ya Wakaldayo, lakini neno lile halina mpaka.

Injili inafika Bunkeya

Tarehe 14 Februari 1886 alifika Bunkeya Mskoti mmoja, Frederick Stanley Arnot, mwenye umri wa miaka 27. Alitoka upande wa Angola, yaani alifuata ile ile njia ya misafara. Alikuwa amekua karibu na jamaa ya David Livingstone na tangu utoto alitamani kuendeleza kazi yake. Hakuja na askari. Msiri alimpokea, akampa mahali pa kujenga. Baadaye wakaja Charles Swan na William Faulknor, na mwaka 1890 Dan Crawford.

Kwa kuhesabu waongofu, kazi yao Bunkeya ilikuwa ndogo. Walijifunza lugha, walitunza wagonjwa na watoto yatima, walihubiri mbele ya mfalme aliyesikiliza na kuendelea na mambo yake. Lakini tuseme pia upande wa pili. Barua za Arnot, na kitabu chake juu ya Garenganze kilichotoka mwaka 1889, zilifanya nchi hii ijulikane Ulaya. Waliosoma hawakuwa watu wa maombi tu. Walikuwemo pia watu waliotafuta shaba.

Siku sita za Desemba 1891

Mwaka 1885, mkutano wa Berlin ulipokwisha, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijiita mwenye Kongo, lakini Katanga ilikuwa bado mikononi mwa Msiri. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe, kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, alikuja na karatasi ya mkataba. Msiri alikataa. Leopold naye akatuma misafara yake. Paul Le Marinel alifika Aprili 1891, Alexandre Delcommune alifika Oktoba. Msiri alikataa tena kuinamia bendera ya mtu mwingine.

Wakati ule ufalme wake ulikuwa unatikisika. Wasanga walikuwa wameasi, na njaa ilikuwa kali. Tarehe 14 Desemba 1891 ukaingia msafara wa William Stairs, mwanajeshi mzaliwa wa Kanada aliyetumwa kwa ajili ya Leopold. Mazungumzo yalishindikana. Stairs alipandisha bendera bila ruhusa, na Msiri akaondoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 Desemba Mbelgiji Omer Bodson alitumwa na askari kwenda kumchukua. Kukatokea ugomvi, Bodson akampiga Msiri risasi, naye akafa. Bodson mwenyewe alipigwa risasi pale pale, akafa siku hiyo. Stairs hakufika kwao: alikufa kwa homa Juni 1892 njiani kurudi.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaosali kwa Kiswahili tulifikiri. Wengi wa askari na wapagazi wa Stairs walikuwa watu wa Zanzibar na pwani, waliosema Kiswahili. Lugha hii tunayohubiri nayo ilifika Katanga na misafara: iliamrisha mizigo na minyororo kabla ya kubeba Zaburi. Mungu anaweza kusafisha hata lugha.

Baada ya Msiri

Mwanawe, Mukanda Bantu, alikubali kufanya kazi na serikali mpya, na ukoo haukuzimika. Lakini Bunkeya haikurudi kuwa kitovu cha nchi. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ikaanza kwenda njia nyingine. Mji unaotegemea njia hupungua njia ikihama. Sisi wa Kamina, ambao mji wetu ulikua kwa sababu reli zinakutana hapa, tunalielewa jambo hili vizuri kila tunapongojea gari la moshi ambalo halifiki.

Bunkeya ingali ipo, na mwami wa Wayeke angali anakaa huko. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati wa Moïse Tshombe, alikuwa wa uzao wa Msiri. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke humkumbuka mfalme wao.

Na Injili? Crawford aliwachukua watu waliobaki naye, akajenga Luanza kando ya ziwa Mweru, akatafsiri Maandiko katika Kiluba-Sanga. Lakini kuna habari inayotugusa zaidi sisi wa Haut-Lomami. Baadhi ya watu wa huku waliouzwa Bihé walisikia Neno la Mungu katika vituo vya misheni vya Angola. Mwanzoni mwa karne ya 20, walipopata uhuru, wengine walirudi kwa miguu kwa njia ile ile waliyopelekwa nayo, wakileta imani yao. William Burton na James Salter walipoanza kazi Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915, waliwakuta watu kama hao kuwa wasaidizi. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema (Mwanzo 50:20). Hakusema kwamba hawakumwuza.

Tufanye nini?

Kwanza, tusimfanye Msiri kuwa malaika wala shetani. Alikuwa mfalme aliyekataa kuuza nchi yake kwa karatasi, na alikuwa mfalme aliyeuza watu. Mambo yote mawili ni kweli. Anayefundisha moja tu anawadanganya vijana.

Pili, tuache matusi ya ukoo. Tumesikia, hata katika uwanja wa kanisa, mtu akimwita mwenzake mtoto wa mtumwa au mtoto wa wauzaji. Wafalme wa Waluba nao waliuza. Askari wa pwani nao walipiga. Wazungu wa Leopold waliojisifu kwamba wanakomesha utumwa waliacha nyuma yao mateso ya mpira. Hakuna kabila litakalosimama mbele za Mungu na mikono mieupe.

Tatu, kila parokia iwaulize wazee wake sasa, wangali hai: majina ya waliochukuliwa, ya waliorudi, na ya waliokuja na Neno. Yaandikwe katika daftari la kanisa.

Majuma mawili baadaye tuliwaita wale vijana wawili, tukawasimulia yote haya bila kuruka kitu. Yule wa kwanza alinyamaza sana. Kisha akamwuliza mwenzake: “Huyo wa kwenu aliyeuzwa, jina lake nani?” Mwenzake hakujua. Jumapili hiyo walikwenda pamoja kwa bibi kumwuliza.

Neema ya Bwana iwe nanyi.