Kutoka a1 hadi b1

Ukiwa Pajulu, pembezoni mwa jiji la Arua, Uganda, bando likikuishia simu bado inaweza kukufundisha sataranji. Programu ya Stockfish, inayotolewa bure tangu mwaka 2008, hukaa ndani ya simu yenyewe na haina haja ya mtandao. Ipangie kete hivi: Weupe wana mfalme a1 na askari wanne, kwenye a4, d4, d5 na f4. Weusi wana mfalme a7 na askari watatu, a5, d6 na f5. Zamu ni ya Weupe. Chai haijapoa, utakuwa umeshapata jibu: mfalme aende b1. Akienda a2 au b2, mpinzani anayejua kazi yake ataambulia sare.

Fumbo hili ni la zamani. Linatajwa kwa majina ya Lasker na Reichhelm, mwaka 1901. Lasker huyo ni Emanuel, bingwa wa dunia wa wakati huo, na mwanahisabati pia. Reuben Fine alilitia katika kitabu chake cha miisho ya mchezo cha mwaka 1941, likapewa namba 70. Watunzi wa programu wakaligeuza mtihani.

Litazame kwa karibu. Askari wote wamezuiana, hakuna anayeweza kusogea. Wanaotembea ni wafalme wawili tu. Mfalme mweupe ana milango miwili ya kuingilia: kushoto apite c4 aingie b5, akamle askari wa a5, kulia apite h4 aingie g5, akamle wa f5. Mfalme mweusi ni mlinzi mmoja wa milango hiyo miwili, na lazima kila mara awe kwenye mraba unaofaa kwa wakati unaofaa. Weupe hawashindi kwa kukimbia. Wanashinda kwa kuzungukazunguka mpaka mlinzi ajikute yuko mahali pabaya, na zamu ya kusogea ni yake.

Sasa hesabu. Katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua 30 hivi au zaidi za kuchagua, kwa hiyo programu hupunguza kazi kwa kukata matawi: ikishaona jibu moja la mpinzani linaloharibu hatua fulani, haijisumbui kuchungulia majibu yake mengine. Kwenye mwisho wa mchezo kama huu hatua ni chache, tuseme tano kwa kila zamu, lakini faida iko mbali, zaidi ya zamu 20 mbele. Tano ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 inafika takriban trilioni 95. Hata kompyuta yenye nguvu itatoka jasho.

Ila hizo trilioni ni njia, si hali za mchezo. Maadamu askari hawajaliwa, mfalme mmoja hawezi kukaa kwenye zaidi ya miraba 64, na mwenzake vilevile. Zidisha kwa mbili kwa sababu ya zamu, unapata 8,192. Na hata hizo si zote halali, kwa kuwa wafalme hawagusani. Yaani programu ikikosa kumbukumbu itarudi kwenye hali zilezile mabilioni ya mara, kila mara ikidhani imefika mahali papya.

Dawa yake ni kama daftari la madeni la mwenye duka: kabla ya kukokotoa upya, fungua uone kama jina limeshaandikwa. Mwaka 1970 Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha namna ya kuliandika bila kupoteza muda. Aina 12 za kete mara miraba 64 ni jozi 768, na kila jozi hupewa namba ya nasibu. Namba hizo zikichanganywa, kila hali inapata alama yake. Mfalme akihama, unaitoa namba ya mraba aliotoka na kuitia ya mraba alioingia, basi. Watu husifu kasi ya mashine. Mimi naona sifa kubwa hapa ni ya daftari.

Ipo njia nyingine, ya kuanzia mwishoni. Unakusanya hali zote ambazo mfalme ameshafungwa, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua, ukiandika kila hali iko umbali gani na ushindi. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alifanya hivyo miaka ya 1970 kwa malkia dhidi ya ngome. Bingwa wa Marekani Walter Browne aliweka dau kwamba angeishinda mashine ya Thompson kwa malkia ndani ya hatua 50, akashindwa. Akaenda kujifunza, akarudi, akafanikiwa kwenye hatua ya 50 kamili.

Majedwali ya kisasa ya namna hiyo, yaitwayo Syzygy, kwa kete zisizozidi tano hayafiki gigabaiti moja, yanaingia kwenye simu. Ya kete sita yanataka kama gigabaiti 150, na ya saba takriban terabaiti 17. Kwenye kete saba zipo hali ambazo mchezo bora wa pande zote mbili huchukua hatua 549 kabla ya mfalme kufungwa. Fumbo letu lina kete tisa, kwa hiyo hakuna jedwali la kulichungulia. Programu itafute yenyewe.

Na omweso wetu wa Uganda, au bao la Waswahili? Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walimaliza kabisa awari, ndugu wa bao mwenye mashimo 12 na kete 48, kwa kukokotoa hali zaidi ya bilioni 889. Pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Waliweza kwa sababu kete zikiliwa katika awari zinatoka mchezoni, hivyo unaanza na jedwali la kete moja, kisha la mbili, mpaka 48. Katika omweso na bao, kete ulizokula unazipanda tena upande wako, na hesabu inabaki 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna jedwali dogo la kuanzia: la kwanza kabisa lingelazimika kuwa na kete zote 64.