Kulenga Dishi la Runinga Kambini

Familia na vikundi vinapokwenda kambini, baadhi hubeba dishi la runinga pamoja na mahema. Picha ikikosekana, wengi hulaumu king'amuzi, ilhali mara nyingi kasoro ni mwelekeo wa dishi.

Setilaiti za matangazo ziko juu ya ikweta, kilometa zipatazo 35,786 kutoka ardhini, nazo huzunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana kwetu huonekana zimetulia mahali pamoja. Ile ya Azam TV iko nyuzi 7 Mashariki. Kwa aliye Dar es Salaam, huo ni upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Basi mwembe mmoja ulio magharibi mwa hema waweza kuzuia matangazo yote.

Kwanza, tusimamishe nguzo wima kwa pimamaji. Pili, tutafute upande kwa dira, mbali na magari na vyuma vinavyoipotosha. Tatu, tupange mwinuko, kisha tuzungushe dishi polepole, tukitua sekunde chache kila hatua. Dishi la sentimeta 90 likikosea nyuzi 2 tu, picha hupotea.

Katika skrini tutazame kipimo cha ubora, si cha nguvu pekee. Nguvu huonekana hata dishi likielekea setilaiti nyingine. Picha za HD hazififii taratibu, bali hukwama na kukatika ghafla. Kwa hiyo tusikaze skrubu picha inapotokea tu. Tungoje ubora ufike juu kabisa, ili mvua ya jioni isiwanyime wanakambi taarifa ya habari.