Fedha zinazorudi baada ya kununua: Ni lini mteja hufaidika, na ni lini deni huzila?

Katika Rubona, mwambao wa Ziwa Kivu kusini mwa mji wa Gisenyi nchini Rwanda, siku moja ya manunuzi inaweza kupitia njia tatu za malipo. Asubuhi, wavuvi wanaporejea na sambaza, noti na sarafu hubadilishana mikono ufukweni. Mchana, dukani, mteja hubonyeza namba ya muuzaji kwenye simu yake na kulipa bila kugusa noti. Jioni, katika hoteli zinazotazama ziwa, mgeni hutoa kadi ya benki.

Baadhi ya njia hizo huja na ahadi inayovutia, kwamba anayelipa atarudishiwa sehemu ya fedha zake. Kwa miongo kadhaa ahadi hiyo imekuwa chambo cha kampuni za kadi za mkopo duniani. Sasa Rwanda nayo inaitumia katika ukusanyaji wa kodi.

Hata hivyo, kurudishiwa fedha si sawa na kupata faida. Tofauti inategemea maswali matatu: ni asilimia ngapi, ya kiasi gani, na mteja amegharimika vipi ili aipate?

Risiti inayomlipa mnunuzi

Mfano ulio karibu zaidi na mkaazi wa Rubona hauhitaji kadi yoyote. Tangu mwaka 2013, Mamlaka ya Mapato ya Rwanda imekuwa ikiwataka wafanyabiashara kutoa risiti za kielektroniki kupitia mfumo unaojulikana kama EBM. Mwaka 2024 ilianzishwa zawadi kwa mlaji wa mwisho anayedai risiti hiyo. Mpango huo unaitwa Tengamara na TVA, jina linalomkumbusha msemaji wa Kiswahili kitenzi 'kutengemaa'.

Mnunuzi hujiandikisha kwa simu, kisha hutaja namba yake kabla risiti haijatolewa. Hurudishiwa asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, iliyomo katika risiti. Malipo hufanywa kila robo ya mwaka.

Hapa ndipo hesabu inapohitaji uangalifu. Asilimia 10 ni ya kodi, si ya bei. Kiwango cha VAT nchini Rwanda ni asilimia 18. Bidhaa yenye thamani ya faranga 10,000 kabla ya kodi huuzwa kwa faranga 11,800, na faranga 1,800 kati ya hizo ni kodi. Mteja atarudishiwa faranga 180. Ukilinganisha na fedha zilizotoka mfukoni, hiyo ni takriban asilimia moja na nusu.

Si kila manunuzi yanayohesabiwa. Mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa, kama viazi na maharage yanayouzwa sokoni, yamesamehewa VAT. Pasipo kodi hakuna cha kurudishwa. Kadhalika, mteja aliyeondoka bila risiti ya EBM hana cha kudai.

Kwa familia inayotumia faranga 118,000 kwa mwezi kununua bidhaa zinazotozwa kodi, kama vile sabuni na vifaa vya nyumbani, zawadi hufikia faranga 1,800 kwa mwezi, au 21,600 kwa mwaka. Si utajiri, lakini haba na haba hujaza kibaba. Muhimu zaidi, fedha hizo hazikutokana na mkopo. Mteja amelipa kwa fedha zake, na hakuna riba inayomsubiri.

Kadi ya mkopo: nani hulipia zawadi?

Kadi ya mkopo hufanya kazi kwa namna tofauti. Kadi ya kawaida ya benki hukata fedha zilizomo katika akaunti ya mteja. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki, na mteja huzilipa baadaye, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Akilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, kadi nyingi hazimtozi riba kwa manunuzi yake.

Kadi ya Discover, iliyoanzishwa nchini Marekani na kampuni ya maduka ya Sears katikati ya miaka ya 1980, ni miongoni mwa zilizoeneza mtindo wa kumrudishia mteja fedha. Leo kadi nyingi za Marekani hurudisha kati ya asilimia moja na mbili ya manunuzi, kiwango kisicho mbali na kile anachokipata mnunuzi wa Rwanda kwa kudai risiti tu.

Fedha hizo hazitoki hewani. Kila kadi inapotumika, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu yake huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki humrudishia mteja kiasi fulani cha ada hiyo ili aendelee kuitumia kadi yake. Ndiyo maana ukarimu wa kadi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Tangu Desemba 2015, sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa ada inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo, na kadi zinazorudisha fedha nyingi zimekuwa adimu huko kuliko Marekani.

Chanzo cha pili cha mapato ya benki ni riba ya wateja wasiolipa deni lote kwa wakati. Nchini Marekani wastani wa riba ya kadi za mkopo umepita asilimia 20 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo anayelipa kwa wakati hufurahia zawadi ambayo kwa sehemu imegharamiwa na jirani yake aliyechelewa.

Zawadi inapomezwa na riba

Chukua mfano wa kadi inayorudisha asilimia 1.5, yenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mteja amenunua vitu vya faranga 200,000 na kurudishiwa faranga 3,000. Akilipa deni lote kwa wakati, faranga hizo 3,000 ni zake.

Asipolipa, mwezi mmoja wa riba utamgharimu faranga 4,000. Tayari amepoteza faranga 1,000, na deni bado liko palepale.

Mtego mkubwa zaidi ni kile kiasi cha chini kabisa ambacho benki hukubali kupokea kila mwezi. Kikiwa asilimia 5 ya deni, mteja huyo atalipa faranga 10,000 na kudhani kwamba ametimiza wajibu. Katika hizo, 4,000 huingia katika riba na 6,000 pekee hupunguza deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kadi haijabadilisha ukweli huo, imeufanya tu usionekane kwa haraka.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza hutangulia hata uchaguzi wa kadi. Mtu ambaye hubakisha deni mwezi hadi mwezi hana haja ya kutafuta kadi yenye zawadi kubwa. Kinachomfaa ni riba ndogo, au kutokuwa na kadi ya mkopo kabisa mpaka deni liishe.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Kwa mwenye uwezo wa kulipa deni lote kila mwezi, la kwanza la kuangalia ni ada ya mwaka. Ikiwa kadi inatozwa faranga 30,000 kwa mwaka na inarudisha asilimia 1.5, mteja anahitaji kununua vitu vya faranga 2,000,000 kwa mwaka, takriban 167,000 kila mwezi, ili arudishe ada tu. Faida huanzia juu ya hapo. Asiyefikia kiwango hicho ni afadhali achukue kadi isiyo na ada, hata kama zawadi yake ni ndogo.

La pili ni kiwango kinachotangazwa. Kadi inayojinadi kwa asilimia 5 mara nyingi hutoa kiwango hicho kwa aina chache za manunuzi, pengine mafuta ya gari au tiketi za ndege, na pia kwa kiasi chenye kikomo. Manunuzi mengine hupata asilimia ndogo zaidi. Mteja hana budi kulinganisha masharti hayo na matumizi yake halisi ya miezi mitatu iliyopita. Familia isiyo na gari haifaidiki na punguzo la mafuta.

La tatu ni namna zawadi inavyotolewa. Fedha taslimu zinazopunguza deni ni rahisi kuzipima kuliko pointi, ambazo thamani yake inaweza kubadilishwa na aliyezitoa au zikaisha muda kabla hazijatumika.

La nne ni kama kadi inakubalika mahali mteja anaponunua. Kwa anayenunua zaidi sokoni na ufukweni, ambako noti na simu ndizo zinazotawala, kadi yenye zawadi nono inaweza kukaa mfukoni mwaka mzima huku ada yake ikiendelea kukatwa.

Mpaka una gharama zake

Rubona iko kilomita chache tu kutoka mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako mji wa Goma unapakana na Gisenyi. Faranga ya Rwanda, faranga ya Congo na dola ya Marekani hukutana katika eneo hilo, na kila ubadilishaji wa sarafu una bei yake.

Benki nyingi hutoza ada kadi inapotumika kwa sarafu ya nchi nyingine. Ada ikiwa asilimia 3 na zawadi asilimia 1.5, mteja hupoteza faranga 1,500 katika kila manunuzi ya faranga 100,000. Kwa mgeni wa hotelini kuna swali jingine: wakati mwingine mashine ya kadi humuuliza kama anataka kulipa kwa faranga za Rwanda au kwa sarafu ya kwao. Kuchagua sarafu ya kwao huonekana kama nafuu, lakini humpa mwendeshaji wa mashine nafasi ya kupanga kiwango cha ubadilishaji, ambacho mara nyingi ni kibaya zaidi. Kwa kawaida ni salama zaidi kuchagua sarafu ya mahali alipo.

Jambo zito zaidi ni kutoa fedha taslimu. Baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji wa Goma mwezi Januari 2025 na benki za mji huo kufungwa, baadhi ya wakaazi wake walilazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta fedha zao. Katika mazingira kama hayo, aina ya kadi iliyo mkononi ni suala lenye uzito. Kadi ya kawaida hutoa akiba ya mwenyewe na kukata ada ya huduma. Kadi ya mkopo hutoa deni: kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila kipindi cha nafuu, hutozwa ada ya ziada, na hakuna fedha zinazorudishwa. Katika hali ya dharura mtu anaweza asiwe na njia nyingine, lakini ni vyema ajue bei anayolipa na alipe deni hilo mapema iwezekanavyo.

Simu nayo ni mkopeshaji

Wasiokuwa na kadi hawako nje ya mjadala huu. Nchini Rwanda huduma ya MoKash huwawezesha wateja wa MTN kukopa kwa simu, na Kenya ina Fuliza, iliyozinduliwa mwaka 2019, inayomruhusu mteja wa M-Pesa kulipa hata salio lake linapopungua. Kampuni za simu nazo huwapa wateja wao pointi na zawadi mbalimbali.

Kipimo ni kilekile. Zawadi ndogo kwa malipo yaliyofanywa kwa fedha za kukopa hulinganishwa na ada ya mkopo huo, wala haihesabiwi peke yake.

Daftari, tahadhari na subira

Gharama nyingine haionekani katika taarifa ya benki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT nchini Marekani waliwapa watu nafasi ya kushindania tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa bei kubwa mno, hadi karibu maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu. Anayenunua kitu cha faranga 20,000 asichokihitaji ili arudishiwe 300 ametumia faranga 19,700 bila sababu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kadi anaweza kuandika kila alichonunua siku hiyohiyo na kuilinganisha orodha yake na taarifa ya benki mwisho wa mwezi. Anaweza pia kuiagiza benki ikate deni lote moja kwa moja siku chache baada ya mshahara kuingia. Mwenye risiti za EBM naye anafaa kuhakiki kwamba namba yake ya simu imeandikwa sahihi kabla hajaondoka dukani.

Neno 'kurudishiwa' limekuwa pia silaha ya matapeli. Hakuna benki wala mamlaka ya kodi inayohitaji namba ya siri ya mteja ili kumlipa, na hakuna haja ya kutuma fedha kwanza ili kupokea zawadi. Anayepigiwa simu na kuombwa hayo hana budi kuikata, kisha awasiliane na taasisi husika kupitia namba zake rasmi.

Mwisho wa mwaka, mteja wa Rubona anaweza kufanya hesabu fupi: ajumlishe fedha zote alizorudishiwa, aondoe ada ya mwaka, riba, ada za kubadili sarafu na bei ya vitu alivyonunua kwa kushawishiwa na zawadi. Kinachobaki ndicho faida yake halisi. Kikiwa chini ya sifuri, kadi hiyo irudishwe benki baada ya deni kulipwa, na risiti ya duka iendelee kudaiwa.